TAHADHARI: Sarafu za "dhahabu" za Jubilei zinazouzwa nje ya makanisa hapa Mwanza

Ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mnivumilie nikirukaruka.

Kuna kijana anazunguka nje ya makanisa misa ya pili ikiisha. Shati jeupe limenyooshwa, rozari shingoni. Mimi alinikuta nasubiri bodaboda. "Tumsifu Yesu Kristo, mama." Nikaitika. Akafungua kiboksi chenye kitambaa chekundu ndani, halafu, sikieni hii, akatoa glavu nyeupe mfukoni, akazivaa taratibu kidole kimoja kimoja, ndipo akainua sarafu. Upande mmoja sura ya Papa Fransisko, upande wa pili nembo ya Jubilei, yaani Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, wale watu wanne waliokumbatiana na msalaba ambao chini umekuwa nanga. Inang'aa yote kama pete ya harusi! Nikanyoosha mkono, akairudisha nyuma: "Hapana mama, mafuta ya vidole yanaharibu dhahabu." Nikasema moyoni huyu anaheshimu kitu kitakatifu. Kumbe hataki nisikie uzito wake, mwizi mkubwa!

Na msianze kunicheka. Alichanganya uongo na kweli. Vatikani inatoa kweli sarafu za kumbukumbu, na ya Jubilei ya 2025 ipo, ya Euro 2. Mlango Mtakatifu wa Mt. Petro, ule wa Roma unaofunguliwa wakati wa Jubilei tu, ulifunguliwa 24 Desemba 2024 ukafungwa 6 Januari 2026, hilo analijua, na ndilo alilonibania nalo: "Jubilei ya kawaida ni kila miaka 25, mama. Mlango umefungwa, hizi hazitoki tena." Akanikumbusha hata Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Mwanza 1990. Mtu wa hivyo unamshukuje? Tena nilikuwa natafuta zawadi, na isingeweza kungoja Pasaka.

Alianza na laki tatu, tukamalizana kwa laki na themanini. Nikatuma kwa simu. Jina likatokea la mwanamke. Akasema ndiye mhazini wao wa hija. Nikaweka namba ya siri.

Sonara wa Makoroboi hakuitazama hata dakika. Alisogeza sumaku, sarafu ikaruka ikanata, tap! Akaikwangua kwa kisu, chini ya ule unjano ni chuma cheusi. Wateja wengine wamekaa kwenye benchi wananiangalia. Sisi tunaokaa jirani na migodi ya Geita tuuziwe bati lililopakwa rangi! Nilitoka pale bila hata kuaga.

Mtu huyu akamatwe. Avalishwe glavu zake zilezile apitishwe Kirumba, Igoma, Nyakato, watu wamwone sura, kisha afungwe. Kuiba ni kuiba, lakini kuiba kwa jina la Papa aliyelala kaburini, mlangoni mwa kanisa, akina mama wametoka kukomunika?

Haya, cha kuangalia. Dhahabu haishikwi na sumaku, nendeni na sumaku hata ya spika mbovu. Ile ya Euro 2 ya kweli si dhahabu kabisa, ina pete nyeupe pembeni na katikati njano. Sura ya Papa nayo: wakati wa Papa Fransisko, tangu 2017, sarafu za Euro za matumizi za Vatikani zilikuwa na nembo yake ya ngao, si uso wake, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Na cheti alichonipa pamoja na sarafu! Nilikisoma vizuri usiku nikiwa kitandani. Kina muhuri, kina saini ya Papa Fransisko, tarehe 29 Juni 2025. Papa Fransisko alifariki 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, tukamwombea wote.

Akikuambia sarafu ina rehema kamili (kufutiwa adhabu za dhambi) ndani yake, mwite mlinzi papo hapo.

Nimeandikisha polisi, RB, ile namba ya taarifa, ninayo. Yule mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) aliyechukua mbili siku ileile, nipigie tafadhali, tuunganishe kesi.