Dar, Moro, Dodoma kwa SGR: uzoefu wangu wa siku saba nikiwa na mama na watoto

Kama una likizo na unawaza kwenda Dodoma kwa SGR, yaani ile reli mpya ya umeme, usiende moja kwa moja. Shuka Morogoro, lala hata siku mbili, ndipo uendelee. Nasema hivi kwa sababu safari yangu ya kwanza, miezi michache baada ya treni kuanza kupeleka abiria hadi Dodoma Julai 2024, nilipanda Dar asubuhi, mchana nikawa nimefika, kesho yake nikarudi. Treni niliipenda mno. Lakini nyumbani walipoanza kuniuliza nimeona nini huko, sikuwa na cha kusimulia zaidi ya treni yenyewe.

Septemba 2025, shule zilipofunga kwa likizo fupi, nilirudia njia ileile kwa mpango mwingine kabisa. Tulikuwa wanne: mimi, mama yangu mwenye miaka 71, na wanangu wawili, wa miaka 11 na 7. Usiku mbili Morogoro, mmoja Dodoma, mmoja Kondoa ambako reli haifiki, kisha mbili tena Dodoma. Mama ni mzaliwa wa Kilosa, amekulia kando ya reli ya zamani, kwa hiyo hamu yake ilikuwa kubwa kuliko yetu sote.

Nianze na kupanga, maana hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Wengi wetu tunakata kwanza tiketi ya kwenda. Mimi nashauri uanze na ya kurudi. Njia hii ina watu wake wa kila wiki, watumishi waliohamia Dodoma huku familia zao zikibaki Dar. Ijumaa wanateremka Dar, Jumapili jioni wanapanda. Ukizigonga siku zao na wewe una familia, utatafuta viti vinne vya pamoja mpaka uchoke. Sisi tulikwenda kinyume nao: Jumatatu mchana Dar kwenda Moro, Jumatano Moro kwenda Dodoma, Jumapili asubuhi Dodoma kwenda Dar. Viti tulipata, tena vya kukaa pamoja.

Tiketi zote nilikata kwa simu nikiwa sebuleni. Unachagua treni, unajaza majina na namba za vitambulisho, unapewa namba ya malipo, unalipia hukohuko kwenye simu. Hapo kwenye majina tulia. Mama sote tunamwita jina moja tangu enzi na enzi, kumbe kwenye kitambulisho chake cha NIDA liko jingine kabisa. Niligundua kabla sijalipa, kwa kuwa nilimwomba anitumie picha ya kitambulisho. Nawe fanya hivyo kwa wazee wako, usijaze kwa kukumbuka.

Kuhusu pesa: daraja la kawaida Dar hadi Morogoro ni shilingi 13,000, Dar hadi Dodoma ni 31,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Sisi wanne tulifika Moro kwa 39,000. Nauli hupangwa kwa umbali, kwa hiyo kukatisha safari njiani hakukututoboa mfuko. Kuna pia zile treni za mchongoko, zenye pua iliyochongoka na ziendazo haraka zaidi, ambazo nauli yake iko juu. Ukiwa na haraka zinafaa, lakini kwa mtu anayetaka kutazama nchi, ile ya kawaida inatosha sana.

Stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, jirani na ile kongwe, na hilo linarahisisha mambo. Fika mapema. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, na mama alikuwa na kikapu chake cha ukili kilichojaa maandazi, karanga na chupa ya chai. Kijana mmoja wa pale stesheni alimwona anavyozitazama ngazi za umeme kwa wasiwasi, akampokea kikapu, akamwambia, "Bibi, twende huku kwenye lifti." Alimfikisha hadi kwenye behewa. Mama alimwombea dua palepale mlangoni.

Dar hadi Moro ni chini kidogo ya saa mbili. Pugu, Ruvu, Ngerengere, watoto wanahesabu stesheni, mara milima ya Uluguru hiyo mbele yako. Kwa basi kipande hiki kilikuwa kinatumalizia nusu ya siku.

Morogoro ndiko tulikopata mkwaruzo pekee wa safari nzima, na haukuhusu treni. Kuna nyumba ya wageni niliyoitumia malipo ya awali kwa simu wiki moja kabla. Tunafika na mzee na watoto, naambiwa chumba kimeshachukuliwa, mwenye nyumba hapokei simu. Niliumia, si kwa ajili ya pesa, bali kwa kumwona mama ameketi juu ya begi pale mapokezi. Dereva wa bajaji aliyetuleta ndiye aliyetuokoa. Alitupeleka kwenye hosteli moja ya kanisa, safi, ina bustani, na bei ikawa chini ya kule. Tangu siku ile nina kawaida mbili: napiga simu asubuhi ya siku ya kufika, na simwachi dereva aondoke kabla sijaona ufunguo wa chumba. Stesheni ya Moro iko Kihonda, si mjini. Ukikosea malazi, kuhangaika na mizigo ni kwingi.

Lakini mji wenyewe! Wanauita mji kasoro bahari, na asubuhi ya Jumanne nilielewa kwa nini. Tulipanda Morningside, huko juu kwenye milima ya Uluguru, mimi na watoto, pamoja na kijana mwenyeji wa kutuongoza. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu ya watoto, unapita mashamba ya Waluguru yaliyobandikwa mlimani, maboga, maharage, migomba, na maji yanayopita kwenye vifereji pembeni ya njia. Akina mama walikuwa wanateremka na mizigo ya mboga kichwani wakielekea sokoni, wanatusalimia bila hata kupunguza mwendo. Juu kuna nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani, na ukigeuka mji wote uko chini yako, na reli mpya kama uzi. Mwanangu wa miaka 7 alikuwa wa kwanza kuiona treni. Alinyoosha kidole, akakaa kimya mpaka ikapotea.

Mama hakupanda. Alishinda Soko Kuu la Chifu Kingalu, na jioni kikapu kilikuwa kimebadilika: maandazi yamekwisha, kimejaa mdalasini, pilipili manga na ndizi. Muuzaji mmoja alikuwa Mkaguru wa upande wa Kilosa. Walikaa saa nzima wakiulizana nani bado yuko hai.

Sasa nifike kwenye kipande cha Jumatano, Moro hadi Dodoma. Hiki ndicho kimenifanya niandike.

Ukishapita Mkata, nchi inaanza kujikunja. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ilipita huku ikifuata bonde la mto Mkondoa, na mto huo umeitesa miaka yote. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliondoka na tuta pamoja na reli, safari zikakatika. Hii mpya imeinuliwa juu ya madaraja, na pale mlima ulipokataa umetobolewa. Mama tulimweka dirishani. Tangu Moro alikuwa kimya, mkono mmoja juu ya kikapu.

Tulipokaribia Kilosa akaanza kusimulia, si kwangu, kwa watoto. Kwamba treni ya bara ilikuwa inaingia usiku, na mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga pale stesheni. Abiria hawashuki, wananunulia dirishani. Yeye mama, akiwa na miaka 8 au 9, kazi yake ilikuwa kushika kibatari ili mtu aone anachonunua na chenji anayorudishiwa. "Upepo ukija nakikinga hivi," akainua kiganja cha kushoto, vidole vimebanana, akakipinda kidogo mbele ya mkono wa kulia. "Kikizima, treni inaondoka na pesa yetu." Mwanangu mdogo akainua kiganja chake naye, akakipinda vilevile.

Treni ikasimama. Mama akachungulia nje kwa muda mrefu. Abiria wachache walishuka na mabegi yao, jukwaa ni safi, pana, tupu. "Si hapa," alisema. "Stesheni yetu ilikuwa kule mjini." Madirisha ya treni hii hayafunguki, kuna kiyoyozi, na hakuna anayeuza nje. Milango ikafungwa, tukaondoka, naye alikuwa bado anatafuta kwa macho kitu nyuma ya miti. Kidogo tukaingia kwenye handaki. Nje giza, kioo kikageuka kuwa kama kioo cha kujitazamia, na humo nikawaona wote wawili, bibi na mjukuu, viganja bado viko juu.

Tulipotoka upande wa pili alianza kuwatajia watoto majina ya stesheni kabla hazijafika. Kidete, Gulwe, Igandu. Hakukosea hata moja.

Dodoma mwezi Septemba ni kavu na ina upepo wa vumbi, mibuyu haina jani. Nilikuwa nahofia watoto watachoka nayo baada ya kijani cha Moro. Haikuwa hivyo, kwa sababu hatukukaa mjini tu. Alhamisi tulikodi gari kwenda Kondoa, barabara ni ya lami mwanzo mwisho, na tukaendelea hadi Kolo kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unapewa mwongozaji, unaingia barabara ya vumbi, halafu unapanda kilima kwa miguu. Michoro ni midogo kuliko nilivyodhani: watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa kama wamefunga nywele, na wanyama. Binti yangu alisogeza uso mpaka mwongozaji akamwomba arudi nyuma ili asiiguse. Wenyeji bado huja kuomba kwenye mapango ya hapo, kwa hiyo nenda kwa adabu, usipige kelele. Na tafadhali usijaribu kwenda na kurudi Dodoma siku hiyohiyo ukiwa na mzee. Sisi tulilala Kondoa mjini na hilo lilikuwa jambo la busara. Mama alitusubiri chini, kwenye kivuli, na hakuwa amechoka.

Gari la kukodi, patana kila kitu kabla hujapanda: mafuta ni ya nani, dereva analala wapi na anakula kwa nani. Niliandika kwenye ujumbe wa simu, tukakubaliana, hatukugombana.

Ijumaa tulirudi Dodoma, tukalala mchana kutwa. Jumamosi tukaenda mnada wa Msalato. Kama unakula nyama, hii siku usiikose. Unachagua kipande mwenyewe, kinachomwa ukikiona, unaletewa na chumvi, pilipili na ndizi choma, na huku ng'ombe na mbuzi wanapitishwa, watu wanapatana bei kwa Kigogo na Kiswahili. Njiani tukanunua zabibu za Dodoma, tamu mpaka zinakwaruza koo. Kikapu cha mama kikajaa kwa mara ya tatu.

Kurudi ni Jumapili asubuhi, mwendo wa kama saa nne hivi hadi Dar, 93,000 kwa sote wanne. Watoto walilala kuanzia Gulwe. Mimi na mama hatukulala.

Wanaoniuliza kama safari hii inamfaa mzee nawajibu inafaa, ila uzito uko nje ya treni: bajaji za Kihonda, ngazi za nyumba za wageni, kilomita za kwenda Kolo. Ndani ya treni mama hakulalamika mgongo hata mara moja, na ni mtu ambaye basi la Dar hadi Moro humlaza siku mbili. Chagua treni za mchana, usifike mji usioujua usiku, na siku ya kuingia mji mpya usipange kitu kingine chochote.

Tulipofika tena Kilosa siku hiyo ya kurudi, mama aliwatazama wanaoshuka, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hivi na sisi tungeweza kushuka hapa?" Nikamwambia ndiyo, tungeweza. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchungulia nje.

Nilikuwa nimepanga miji, nikapanga usiku, nikapanga hadi siku za watumishi, na Kilosa nikaihesabu kama stesheni ya kupita. Desemba shule zikifunga, Mungu akipenda, ndiyo tiketi ya kwanza nitakayokata. Mama ameshaanza kuulizia nani wa kutupokea.