Miezi Saba ya Tiba ya Kiwewe Baada ya Ajali ya Basi: Uzoefu Wangu

Mwaka 2022 nilinusurika katika ajali ya basi kwenye barabara ya Morogoro, kati ya Chalinze na Mikese, nikatoka na mshono mmoja juu ya jicho na mkono ulioteguka. Walionijia kunipa pole walisema Mungu ni mkubwa, nami niliitikia kwa moyo wote, kwa sababu abiria wenzangu wawili hawakurudi nyumbani. Miezi minne baadaye mkono ulikuwa umepona, lakini usiku kifua kilianza kubana, tumbo likawa halitulii, mgongo ukauma bila sababu ya kueleweka, na kila honi ya basi iliposikika nikiwa darasani (shule ninayofundisha ipo kando ya barabara kuu) chaki ilinidondoka mkononi. Nilipimwa moyo, damu, tumbo na mgongo, na majibu yote yakawa mazuri. Daktari wa mwisho ndiye aliyeniuliza kama nimewahi kupata ajali, kisha akaniandikia barua ya kwenda kumwona mwanasaikolojia tiba.

Barua ile ilikaa ndani ya mkoba wangu miezi miwili. Kwetu, mtu akisikia habari za magonjwa ya akili, neno la kwanza linalomjia ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na sikutaka watoto wa shule wanong'one kwamba mwalimu wao anapelekwa Dodoma. Mama mkubwa naye alikuwa na hakika kwamba nimeingiliwa na majini, akanifanyia dua, na ninamshukuru kwa dua hiyo mpaka leo, ingawa kifua kiliendelea kubana.

Kituo nilichokwenda ni cha binafsi, hapa Dar es Salaam, na saa moja nililipia shilingi 70,000. Siku ya kwanza mtaalamu aliniuliza ninapenda kukaa kiti kipi na kama mlango uachwe wazi au ufungwe. Niliona ni adabu tu ya kupokea mgeni. Kisha akasema: "Mwalimu, leo hulazimiki kunisimulia ajali. Siku ya kuisimulia utaipanga wewe, na ukiona haifai kabisa, tutafanya kazi bila hiyo." Nililia palepale. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimesimulia kwa askari, kwa watu wa bima, kwa walimu wenzangu, kwa majirani na kwa kila aliyenikuta dukani, na kila niliposimulia nilirudi nyumbani nikiwa natetemeka.

Baadaye nilielewa kwamba kumwachia mgonjwa achague hivyo ndio msingi wa tiba inayozingatia kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, alieleza mwaka 1992 kwamba kupona kunapita hatua tatu: kwanza mtu ajihisi salama, ndipo akumbuke na kuomboleza, ndipo arudi kwenye maisha na watu. Mimi nilikuwa nimelazimishwa kuanzia hatua ya pili. Kwa hiyo wiki nane za mwanzo hatukugusa ajali hata kidogo. Tulishughulika na mwili. Nilivua viatu, nikakanyaga sakafu ya vigae iliyokuwa baridi kweli kwa sababu ya kiyoyozi, nikaambiwa nieleze kisigino kinahisi nini, vidole vinahisi nini, halafu nivute pumzi kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa taratibu hadi sita. Mtaalamu alinieleza kwamba pumzi ndefu ya kutoka huusaidia mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia kifua hadi tumboni, kuupunguza mwendo wa moyo. Na kwamba sehemu ndogo ya ubongo inayoitwa amigdala, ikishazoea hatari, huendelea kupiga kelele na kuuchochea mwili umwage adrenalini, homoni ya kukabili hatari, hata pale hatari inapokuwa imekwisha. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini tumbo langu na kifua changu vilikuwa vinaumwa pamoja, na kwa nini vipimo havikuona kitu.

Jambo lililonisaidia kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa lugha. Fomu za kujiunga zilikuwa za Kiingereza, zikinitaka nipige alama kwenye orodha ya hisia, nami niliijaza kama mtu anayejaza fomu ya benki. Wiki ya tatu mtaalamu aliiweka kando akaniomba nimwambie kwa maneno ya nyumbani. Nikasema roho yangu iko juu juu, moyo unanilipuka, mwili unanisisimka, na mara nyingine nakufa ganzi nikiwa nimesimama. Aliyaandika yote, akauliza juu juu ni wapi hasa, nami nikaweka mkono kooni bila kufikiri. Kiswahili hakitenganishi uchungu wa moyo na mwili wenye moyo huo, na tiba ya mwili na nafsi kwa pamoja ingepaswa kuanzia hapo. Natamani kila kituo nchini kiandike fomu zake upya kwa Kiswahili.

Tangu wiki ya tisa tulianza tiba ya kusogeza macho, ijulikanayo kwa kifupi kama EMDR, ambayo mwanasaikolojia Francine Shapiro alianza kuibuni mwaka 1987, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 kwa watu wenye maradhi yatokanayo na kiwewe. Unashika kipande cha kumbukumbu huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu kulia na kushoto, mnasimama, unasema kilichojitokeza, mnaendelea. Mara ya pili tu nilinusa chungwa. Yule mama niliyekaa naye siti moja alikuwa ameshuka kununua machungwa Chalinze, na alikuwa akinimenyea moja gari lilipoyumba. Nilikuwa nimeacha kula machungwa mwaka mzima na sikuwa nimejua kwamba nimeyaacha.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya, ndoto zilinirudia kila usiku, na hapa nina lawama: hakuna aliyekuwa amenipa namba ya kupiga nje ya saa za kazi mpaka nilipoiomba mwenyewe. Pia mapokezi walinihimiza kununua mafuta ya kunusa kwa shilingi 45,000 kana kwamba ni sehemu ya matibabu. Yananukia vizuri, lakini sikuona kwamba yalinitibu chochote, na mgonjwa aliyekata tamaa hapaswi kuuziwa vitu akiwa bado ana machozi. Bima yangu haikulipia hata siku moja, na kwa mshahara wa mwalimu nilifika mpaka kuvunja akiba ya kikoba. Anayefikiria kwenda namshauri aulize mapema kuhusu bei, kuhusu mafunzo ya mtaalamu na kuhusu namba ya dharura, na asiache kupimwa hospitali kwanza, kwa maana kifua kinachobana kinaweza kuwa ugonjwa wa moyo kweli.

Baada ya miezi saba nalala usiku mzima mara nyingi, na tumbo limetulia. Desemba iliyopita nilipanda basi Mbezi kwenda kumwona mama Morogoro, nikachagua siti iliyo karibu na mlango, na tulipopita Chalinze nilivua viatu nikakanyaga sakafu ya basi, nikahesabu nne, nikahesabu sita, mpaka tukaingia stendi ya Msamvu, Morogoro. Mgongo bado unauma nikisimama vipindi vinne mfululizo, na hilo ndilo tunalolifanyia kazi sasa, mara moja kwa mwezi.