TAHADHARI: Swichi za ufunguo za Datsun 240Z zilizoungua zinauzwa kama mpya

Ndugu wamiliki na mafundi wa magari ya michezo ya miaka ya 1970, kuna muuzaji anayepita katika makundi ya wapenzi wa magari ya zamani hapa Nairobi, akiuza swichi za ufunguo za Datsun 240Z anazodai ni mpya za kiwandani, zilizokaa ghalani Japani bila kufunguliwa. Si mpya. Niliifungua moja mezani kwangu baada ya kuletewa gari ambalo swichi yake, licha ya kubadilishwa karibuni, ilikuwa ikipata moto kiasi cha kutoshikika, na niliyoyakuta ndani yamenilazimu kuandika kabla gari la mtu halijateketea.

Vikucha vya bati vinavyobana kifuniko vilikuwa vimeshakunjuliwa na kukunjwa tena, kimoja kikiwa na ufa. Ndani, kibao cha shaba kinachopitisha umeme kilikuwa na kovu jeusi la kuungua, lililopigwa msasa na kufunikwa kwa grisi nzito ili lisionekane. Springi inayokikandamiza ilikuwa imelegea, kwa kuwa joto la muda mrefu huinyang'anya springi nguvu zake. Pini mbili zilinaswa na sumaku papo hapo, na shaba hainaswi na sumaku, kwa hiyo hizo zilikuwa chuma kilichopakwa rangi.

Muuzaji huyu anajua udhaifu wetu. Gari hili lilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, kwa hiyo walio nalo hapa nchini wanalipenda kwa dhati na wako tayari kulipa pesa nyingi kwa kipuri ambacho hakipatikani kwa urahisi. Anachofanya ni kugusa swichi iliyomo kwenye gari la mteja, kuhisi joto, kutangaza kwamba imekufa, kisha kudai alipwe zote kwa simu kabla ya kukabidhi mzigo. Hapimi chochote. Gari likirudia tabia ile ile, anajibu kwamba vipuri vya umeme havirudishwi.

Kupima ndiko kunakomuumbua mtu wa namna hii. Joto kwenye swichi hutokea pale umeme unapopita kwa shida, na ugumu huo huonekana kama volti zinazopotea njiani. Weka mita ya kupimia umeme (multimeter) kwenye volti za DC, washa vyote vinavyopata umeme kupitia ufunguo, kisha gusisha ncha moja kwenye waya unaoleta umeme kutoka kwa betri, ambao kwenye 240Z ni mweupe wenye mstari mwekundu, na ncha nyingine kwenye waya unaotoka kwenda kwenye mfumo wa kuwasha, mweusi wenye mstari mweupe. Zikipotea chini ya volti 0.2 swichi haina lawama, zikipita 0.5 kuna tatizo la kweli. Ampea 15 zikipita mahali panapopoteza volti 0.8, hapo pana wati 12 za joto, na swichi yenyewe haizidi sana ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda.

Usiishie hapo. Pima pia kati ya waya na pini yake palepale kwenye plagi inayounganisha nyaya na swichi, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye terminali iliyolegea au iliyoota kutu ya kijani, na swichi mpya, hata ikiwa halisi, itapikwa na plagi hiyo hiyo. Gari lililoletwa kwangu lilikuwa na tatizo hilo, na juu yake lilikuwa limeongezewa pampu ya umeme ya mafuta na taa za ziada, zote zikivuta umeme kupitia ufunguo. Mizigo ya aina hiyo ihamishiwe kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, yenye fyuzi yake, ili swichi ibaki na kazi ya kuiamrisha rilei tu, kazi inayohitaji sehemu ndogo ya ampea moja.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba muuzaji huyo alimshauri mteja aweke fyuzi kubwa zaidi. Huo ni ushauri wa kuchoma gari. Mgusano mbovu hauongezi ampea, kwa hiyo fyuzi haikatiki hata plastiki ikiyeyuka; na waya ukija kugusa bodi baada ya hapo, fyuzi kubwa itauacha uungue urefu wake wote chini ya dashibodi.

Kwa anayetaka kununua swichi popote pale, nenda na sumaku na tochi, kagua vikucha na pini, na usitume pesa kabla ya kukishika kipuri. Aliyekwisha kununua kwa huyu bwana na akasikia harufu ya plastiki asiendeshe gari hilo. Achomoe waya hasi wa betri na auache hivyo hadi lipimwe. Asiitupe swichi hiyo, ahifadhi pia ujumbe wa malipo na mazungumzo yao, kisha apeleke malalamiko kwa polisi, na kama kipuri kina nembo ya kughushi, kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Swichi niliyoifungua nimeirudisha kwa mwenyewe pamoja na picha zake ili naye apeleke malalamiko yake.