FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta: nilimaliza nyimbo zaidi nilipokuwa sijainunua

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: ukiwa na hela, chukua toleo la Producer Edition, usichukue lile la Fruity. Fruity ni ya bei nafuu, ila hairekodi sauti ya mtu wala huwezi kupanga vipande vya sauti kwenye playlist, yaani ukurasa wa kupangia wimbo. Kwa anayepiga biti tupu itamtosha. Kwa sisi wenye wadogo zetu wanaoimba ndani ya kabati wamejifunika blanketi ili kuua mwangwi, utajuta. Unalipa mara moja tu, na matoleo yote yajayo unapewa bure. Hilo peke yake ni sababu ya kuachana na kraki, zile nakala za wizi.

Sasa ninachotaka kusema hasa.

Mimi ni fundi simu, Ngamiani, Tanga. Biti natengeneza usiku nikishafunga kibanda. Kabla ya kununua nilitumia ile ya majaribio karibu miaka 2. Haina kikomo cha siku, inakupa karibu kila kitu, na wimbo ukiisha unautoa kwa MP3 au WAV bila shida. Kuna sharti moja tu: ukishauhifadhi mradi na kuufunga, huufungui tena mpaka ununue. Kwa hiyo ukikaa, umekaa. Saa 3 usiku naanza na kiki, ile ngoma nzito, saa 5 niko kwenye besi, adhana ya alfajiri inanikuta nahangaika na kinanda. Umeme ukikatika ndiyo balaa, maana betri ya laptopu yangu ilikuwa inashika dakika 20. Dakika 20 hizo ni za kuamua: unautoa wimbo ulivyo, au usiku wako umekwenda na maji. Nilitoa nyimbo 11 kwa mtindo huo. Nyingine za kawaida tu, mbili watu bado wanaziomba.

Nikanunua. Miradi yote ya zamani ikafunguka, maana uliyohifadhi kwenye majaribio haipotei, inasubiri tu ulipe. Nikafurahi kama mtoto wa Idi. Mwaka uliofuata sikutoa hata wimbo mmoja.

Kosa si la programu. Ukibonyeza Ctrl na N inahifadhi nakala mpya na kuipa namba yenyewe, kitu kizuri sana, na mimi nikaigeuza ugonjwa. Wimbo mmoja ukafika namba 41. Siku moja nikampigia mdogo wangu namba 6 na namba 41 bila kumwambia ipi ni ipi. Akachagua 6. Nilipokaa kuzilinganisha, kilichobadilika ni snea (ngoma ya mlio mkali) moja kuwekwa nyingine na haihati (sauti ya matoazi) kushuka kidogo. Miezi minne, jamani.

Siku hizi napima kwa kinyozi jirani yangu. Ana spika kubwa ya besi chini ya benchi, na wateja wake hawana adabu ya kusifia uongo. Nampa flashi yenye nyimbo 20 za watu, wangu katikati, nakaa kama nasubiri zamu. Mara ya kwanza besi niliyoisikia tamu kwenye hedifoni ilitetemesha kioo mpaka maneno ya mdogo wangu yakazama yote. Kinyozi akaruka wimbo huku mashine ikiwa kichwani kwa mtu, hata hakugeuka.

Iliniuma, lakini safari hii ugonjwa ulikuwa na jina: besi. Usiku ule nikafungua Fruity Parametric EQ 2, kisawazisha sauti cha humo humo kwenye programu, na hapa naisifu programu kwa roho safi: inakuchorea rangi pale sauti ilipojazana, unaiona besi inawaka kabla hujaisikia. Nikakata chini ya hezi 40, nikapunguza kidogo juu yake, dakika kumi kazi imekwisha. Jumamosi iliyofuata mteja mwenye povu shingoni akauliza, "Hii ya nani?" Sikujibu. Nilirudi kibandani nikauweka kwa msambazaji, wale wanaopeleka nyimbo mitandaoni.

Tangu hapo nafungua mradi kama naweza kutaja kwa mdomo ninachokwenda kurekebisha. Nikijisikia tu "kuna kitu kinakosekana", siufungui, unatoka. Na tarehe ya wimbo kutoka naiweka wiki 3 mbele, kwa sababu Spotify wanataka wimbo uwafikie wapanga orodha zao za nyimbo angalau siku 7 kabla haujatoka, na faili likishapelekwa kulibadilisha ni usumbufu. Uzio ule wa majaribio nimeujenga tena kwa mikono yangu.

Kuhusu laptopu: yangu ina RAM ya GB 4, nikirundika plagini (ala na vionjo vya kuongezea) sauti inaanza kukwaruza. Ongeza bafa (nafasi ya kompyuta kuiandaa sauti kabla haijatoka) kwenye mipangilio ya sauti, au geuza ala zilizokwisha kuwa faili za sauti za WAV. Mwenye GB 8 asome hili acheke.

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyokata ni ya kwangu mwenyewe.

Ule wimbo umetoka, namba 6. Namba 41 bado iko kwenye laptopu. Jana usiku nimeifungua kidogo tu, nikashusha haihati. Sasa ni 42.