Siku 90 Malindi: tathmini ya mji wa pwani kwa mstaafu wa ughaibuni

Nilizaliwa Tanga, nikafanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 29, na nilipochukua uraia wa huko nikaupoteza ule wa Tanzania, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kwa hiyo ninapozungumzia kustaafu kwenye pwani ya Afrika Mashariki nazungumzia kustaafu ugenini, hata kama adhana ni ile ile na mbaazi za nazi ni zile zile nilizokulia. Mume wangu ni Mwingereza, naye alichotaka ni jua. Mimi nilitaka mahali ambapo pensheni za watu wawili wa kawaida zingetosha mwezi mzima bila kukopa kutoka mwezi unaofuata. Malindi ilitajwa sana na wenzetu, tukaamua kuijaribu kabla ya kuuza chochote.

Tulikaa kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Juni 2025, na miezi hiyo tuliichagua kwa makusudi. Idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ambayo Kenya ilianza kuitumia Januari 2024 mahali pa viza, humpa mgeni hadi siku 90, na mgeni mwenye akili ya biashara ya utalii angezitumia Desemba na Januari, kaskazi inapovuma na mji umejaa. Lakini mstaafu haishi Desemba peke yake. Tulitaka kuuona mji masika, barabara za ndani zikiwa na madimbwi, mikahawa ikiwa imefunga na wageni wamekwisha kurudi kwao, ili tujue kama pamebaki mji wa kuishi au pamebaki mabanda matupu.

Pamebaki mji, na hilo ndilo jambo la kwanza ninaloisifia Malindi. Maeneo ya Casuarina, yenye majumba ya Waitaliano, yalinyamaza kabisa kuanzia mwisho wa Aprili, lakini Shela, soko la mjini na mitaa ya Barani na Maweni iliendelea na shughuli zake kama kawaida, kwa sababu watu wa huko hawakuumbwa kwa ajili ya msimu wa watalii. Mahamri ya asubuhi yalikuwapo, viazi karai vya jioni vilikuwapo, na samaki walipatikana kila siku ambayo bahari iliruhusu, ingawa kusi ilipokolea mwezi wa Juni siku hizo zilipungua, na changu aliyekuwa wa bei ya kawaida mwezi Machi akawa samaki wa kubembelezwa.

Uitaliano wa Malindi una historia yake. Ulianza miaka ya 1960, pale Italia ilipojenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini ya mji, ambako satelaiti ya kwanza ilirushwa 1967 na ile iliyopewa jina la Uhuru ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970. Wahandisi walileta familia, familia zikaleta marafiki, na matokeo yake hadi leo kijana wa ufukweni humsalimia mgeni kwa Kiitaliano kabla hajajaribu lugha nyingine. Kwa mstaafu, historia hiyo ina faida mbili, yaani jibini nzuri na mafundi waliozoea kutunza nyumba za watu wasiokuwapo, na hasara moja kubwa, kwamba nyumba yoyote iliyo karibu na bahari hutajiwa bei kana kwamba kila mgeni ametoka Milano.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala, Silversand, kwa shilingi 45,000 za Kenya kwa mwezi, ambazo kwa wakati ule zilikuwa takriban pauni 260. Bei ya kwanza tuliyotajiwa na dalali, akiwa anazungumza na mume wangu, ilikuwa karibu maradufu. Nilipompigia mimi mwenyewe siku ya pili, nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani na za wazazi ndipo nikaingia kwenye kodi, bei ilishuka kabla sijaomba ishuke. Sisemi haya kwa kujigamba, maana walinitambua mara moja kwa matamshi kuwa ni mtu wa Tanga na wakanitania kwa muda wote niliokaa. Nasema kwa sababu katika hesabu ya gharama za kuishi Malindi, Kiswahili ni akiba halisi, kuanzia nauli ya tuktuk hadi ujira wa fundi bomba, na Mwingereza au Mjerumani anayesoma orodha za miji ya bei nafuu hawezi kuipata akiba hiyo kwa fedha.

Ufukwe wenyewe nitaupitia haraka. Ni mpana, unafaa kwa matembezi ya asubuhi, na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968 bado inavutia. Anayetaka maji ya kijani kibichi mwaka mzima, hata hivyo, aende Watamu, kwa sababu Mto Sabaki humwaga udongo wa bara kaskazini kidogo tu ya Malindi, na mvua zikinyesha huko juu bahari ya mjini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Watamu nayo hulipisha zaidi kwa uzuri wake, na ni ndogo mno kwa mtu anayehitaji benki, duka la dawa na soko katika umbali wa kutembea.

Maji ya bomba ndiyo yaliyonichosha kuliko kitu chochote. Katika siku zetu 90 yalikatika mara nyingi, mara nyingine kwa siku nne mfululizo, na nyumba ilikuwa na tangi moja dogo juu ya paa ambalo watu wawili waangalifu walilimaliza kwa siku mbili. Ilitubidi kununua maji ya boza, na boza haliji kwa ndoo: unanunua mzigo mzima au unasubiri jirani wa kuchangia. Gharama ya maji, tokeni za umeme, mtungi wa gesi na mlinzi wa usiku iliongeza zaidi ya theluthi moja juu ya kodi. Kuna pia gharama nyingine ambayo wenye nyumba hawaitaji, nayo ni chumvi ya bahari. Kitasa cha mlango wa nyuma kilishikwa na kutu hadi funguo ikavunjikia ndani, na fundi wa majokofu aliniambia bila aibu kwamba wateja wake wengi ni wa ng'ambo ya barabara, akimaanisha upande wa ufukweni, ambako mashine huzeeka upesi. Ningeshauri mtu asogee bara kidogo, kama mita 800 hivi; upepo bado unafika, chumvi inapungua, na kodi pia.

Kuhusu afya nitasema kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote. Malindi ina hospitali ya serikali na hospitali kadhaa za binafsi zinazoweza kushughulikia malaria, shinikizo la damu, mkono uliovunjika na mambo ya kila siku. Wauguzi niliokutana nao walikuwa hodari, na nilipima shinikizo langu kila wiki mbili kwa gharama ndogo sana. Tatizo ni ugonjwa usiosubiri. Kwa tatizo la moyo au kiharusi, mtu hupelekwa Mombasa, umbali wa kilomita 120 hivi, na safari hiyo hupita Kilifi na Mtwapa ambako msongamano hauulizi nani amebebwa. Mume wangu alipata maumivu ya kifua usiku mmoja wa Mei. Ilikuwa gesi tu, namshukuru Mungu, lakini daktari wa zamu katika kituo kimoja cha binafsi alituomba tusubiri mtu wa kipimo cha moyo hadi asubuhi, na usiku ule nilijifunza mengi zaidi kuhusu kustaafu ugenini kuliko katika vitabu vyote vya miongozo nilivyosoma. Ikumbukwe pia kwamba mtu aliyekaa Ulaya miaka thelathini hana tena kinga dhidi ya malaria aliyokua nayo utotoni. Homa inayompitia jirani kama mafua inaweza kumlaza yeye. Na anayehamia nje ya Uingereza kwa kudumu hupoteza haki ya kutibiwa bure katika hospitali za huko, kwa hiyo bima ya afya si ya hiari, iingizwe kwenye bajeti kabla ya kodi.

Kuna karatasi ambazo wengi wetu hatuzisomi mapema. Kibali cha daraja la K, ambacho ndicho cha wanaoishi Kenya bila kufanya kazi, kwa mujibu wa kanuni za uhamiaji za 2012 humtaka mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 35 na awe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yaani pauni 11,973 kwa wiki 52, kiasi ambacho kwa kiwango chochote cha kubadilisha fedha tulichokiona hakikufika dola 17,000. Mwenye pensheni hiyo peke yake hafuzu, hata kama matumizi yake halisi Malindi ni nusu ya anachopokea.

Zaidi ya hapo, pensheni hiyo haipandishwi kwa anayeishi Kenya, wala kwa anayeishi Tanzania. Aliyeanza kuipokea kwa kiwango kamili cha 2016, pauni 155.65 kwa wiki, akahamia Malindi mwaka huo, anapokea pauni 155.65 hadi leo. Mauritius ina makubaliano na Uingereza ya kuipandisha kila mwaka, jambo ambalo nililijua baada ya kuwa tumeshakata tiketi za Kenya. Kule lakini nyumba na chakula vingetula tofauti hiyo, na mimi ningekuwa bubu katika nchi ya Kikrioli na Kifaransa.

Wanaofikiria kununua nyumba waelewe kwamba ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa asiye raia ukodishaji wa ardhi usiozidi miaka 99, si umiliki wa milele. Kwa mtu wa miaka 66 miaka 99 inatosha na kubaki, lakini warithi wanaweza kuwa na maoni tofauti. Mkenya mwenye uraia pacha hana tatizo hilo, na hapo ndipo huwa nawaonea wivu majirani zetu. Casuarina imejaa mabango ya nyumba zinazouzwa, mengine yamefifia kwa jua hadi namba ya simu haisomeki, nami nayachukua mabango hayo kuwa ushauri wa bure: kuingia ni rahisi, kutoka kunachukua miaka. Pangeni.

Jumla ya matumizi yetu, bila bima na tiketi za ndege, ilikuwa kati ya pauni 620 na 700 kwa mwezi kwa watu wawili, tukila samaki mara nne kwa wiki na kwenda mkahawani kila Jumamosi. Kwa kiasi hicho katika mji tuliotoka tungelipa kodi tu, na baridi juu yake.

Tumekubaliana kurudi Agosti, safari hii tukianza kuandaa karatasi za kibali, kwa nyumba nyingine iliyo upande wa bara wa barabara, dakika kumi kwa tuktuk hadi hospitali. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima wa Shela, kodi yake ni shilingi 32,000, na mkataba ameshaniletea. Sijautia saini. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba nitautia siku tangi la pili, la lita 5,000, litakapokuwa juu ya paa na limejaa maji.