Uzoefu wangu na mvinyo wa Jerez: fino inywewe ingali mbichi

Anayekwenda kusini mwa Hispania kuonja mvinyo wa Jerez ajue mapema kwamba fino, aina yake nyeupe na nyepesi, haina utamu kabisa. Wengi wetu tumezoea dompo ya Dodoma, na nje ya Hispania chupa nyingi za mvinyo huu, zinazouzwa kwa jina la sheri, ni tamu. Kwa hiyo funda la kwanza la fino linashtua: kali, la chumvichumvi, na uchungu kidogo wa lozi. Usiliteme. Agiza zeituni au samaki wa kukaanga, kisha unywe funda la pili. Mimi sijapata mvinyo mweupe mwingine Ulaya unaokwenda na samaki namna ile, na bado nashangaa bei yake. Madukani huko huko chupa nzuri hupatikana chini ya euro 10. Kwa kazi iliyomo ndani ya chupa ile, wenye maghala wanalipwa kidogo mno.

Mvinyo huu unatoka hasa kwenye miji mitatu ya mkoa wa Cádiz: Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María. Kutoka Sevilla nilipanda treni, safari ya kama saa moja hadi Jerez. Mashamba ya mizabibu yako kwenye vilima vyeupe kwa sababu ya udongo wa chaki, wenyewe wanauita albariza, ambao hunyonya mvua za majira ya baridi na kuzitunza chini ili mizabibu ivuke kiangazi. Zabibu ni palomino karibu kila mahali, na mvinyo wake mchanga hauna makubwa. Makubwa yako ghalani.

Maghala ya Jerez yana dari refu, kuta nene na vidirisha vya juu vilivyofunikwa mikeka ya nyasi, na sakafu ya mchanga wa njano inayomwagiwa maji siku za joto. Mapipa ya mwaloni yaliyopakwa rangi nyeusi yamepandana safu kwa safu. Pipa la lita 600 halijazwi hadi juu, linaachiwa nafasi ya hewa, kwa maana juu ya fino huota utando wa chachu uitwao flor. Tulionyeshwa pipa lenye uso wa kioo. Niliinama nikautazama utando ule kwa karibu: mweupe wa maziwa, una mikunjo, umefunika mvinyo wote. Ndio unaozuia hewa isiuharibu, na ndio unaouachia ile harufu ya lozi na unga wa mkate uliochachuka. Mvinyo ukiongezewa spiriti hadi kileo kifike asilimia 15, utando unaishi. Ukipandishwa hadi 17 au zaidi, unakufa, mvinyo unakutana na hewa, unageuka hudhurungi na kuitwa oloroso. Zabibu ni zile zile, lakini ukiweka glasi mbili mezani hutaamini kwamba ni ndugu.

Safu ya chini ndiyo solera. Mvinyo wa kuuza huchotwa humo, ila pipa halimalizwi. Kilichopungua kinajaziwa kutoka safu ya juu yake, nayo inajaziwa kutoka iliyo juu zaidi, mpaka kufikia mvinyo mpya. Ndiyo sababu chupa nyingi hazina mwaka: ndani yake mna ya zamani na ya juzi pamoja. Zile kongwe hupewa alama ya VOS kwa wastani wa miaka 20 au zaidi, na VORS kwa miaka 30. Nilionjeshwa palo cortado, aina nyingine ya mvinyo huu, yenye alama ya VORS, kidogo tu chini ya glasi, harufu ya karanga na ganda la chungwa. Ladha yake ilikaa mdomoni mpaka tukatoka nje.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni mzee wa ghala na venencia yake, kikombe chembamba kwenye mpini mrefu, mithili ya kata ya kutekea maji mtungini. Alikizamisha moja kwa moja kwenye tundu la pipa, haraka ili asiuvuruge utando, akanyanyua mkono juu ya kichwa na kuumimina mvinyo kama uzi ndani ya glasi aliyoishika usawa wa kiuno. Hakudondosha tone. Fino ile haijachujwa, ina rangi nzito na harufu iliyojaa kuliko ya chupa. Kama huna muda wa mengine yote, lipia hiyo.

Ukitaka ghala kubwa, nenda González Byass, kampuni ya tangu 1835 inayotengeneza fino ya Tío Pepe. Humo utakuta glasi ya mvinyo sakafuni na ngazi ndogo iliyoegemezwa, imewekewa panya wapande wanywe! Watoto waliokuwa kwenye kundi letu hawakutaka kuondoka hapo.

Hata hivyo, alama yangu ya juu naipa Sanlúcar. Mji uko mdomoni mwa mto Guadalquivir, hewa ya bahari ina unyevu, kwa hiyo utando unanawiri vizuri zaidi na mvinyo unakuwa mwepesi. Huku unaitwa manzanilla. Kampuni za Barbadillo na Hidalgo, watengenezaji wa manzanilla ya La Gitana, zote ziko hapa. Niliketi Bajo de Guía, ufukweni mwa mto, na sahani ya kamba waliochemshwa kwa chumvi na manzanilla baridi sana. Sikutamani kitu kingine.

Upande wa kasoro: katika mgahawa mmoja wa Sevilla niliwekewa fino ya chupa iliyokaa wazi, yenye joto, harufu imekufa. Anayeanzia hapo atasema mvinyo huu haufai, na nitamwelewa. Jerez kwenyewe ingia tabanco, baa za kienyeji zinazomimina kutoka kwenye pipa. Nilikuwa nalipa chini ya euro 3 kwa glasi, na ukiwa na bahati utakuta wanaimba flamenko.

Ziara ziwekewe nafasi mapema, na epuka mchana wa Agosti, joto lake si la mchezo. Mpenzi wa vitamu aulize Pedro Ximénez, mzito na mweusi, wa zabibu zilizoanikwa juani. Ukiumwagia juu ya aiskrimu ya vanila ni raha tupu. Wa kubeba nyumbani, chagua nusu chupa za fino au manzanilla. Ziweke kwenye friji, na ukishafungua kizibo uimalize ndani ya siku chache. Oloroso inaweza kukusubiri kwa wiki kadhaa.