Mwaka mmoja ndani ya utafiti wa saratani ya tezi dume: huduma yao nimeionaje

Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeizuia makusudi na sababu yake nitaisema huko chini, maana kazi yao naiamini na ningependa wairekebishe.

Nilifikaje pale? Mzee wetu alifariki kwa saratani hii, iligundulika ikiwa imeshafika kwenye mifupa, alikuwa analalamika mgongo miezi na miezi sisi tunajua ni uzee tu. Halafu kaka yangu mkubwa naye akakutwa nayo akiwa na miaka 58. Daktari wake ndo akamwambia wadogo zako wa kiume nao waje wapime, na kuna utafiti unaandikisha familia kama yenu, vyuo na hospitali za nchi kadhaa wameungana wanatafuta inasababishwa na nini na inakamatwaje mapema. Mi nina miaka 54, sina dalili yoyote, nakojoa vizuri, silali nikiamka amka usiku. Nikaenda hivohivo kwa sababu ya mzee.

Siku ya kwanza nilijua natolewa damu naondoka. Kumbe hapana. Dada mmoja mtafiti akanikalisha chini karibu saa nzima kabla hata sindano haijaguswa. Akaniambia, kaka, hiki kipimo cha PSA nataka ukielewe kwanza, ukishakielewa ndo useme kama unataka au hutaki. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, sio na saratani, kwahiyo kila mwanaume anayo kidogo kwenye damu. Inapanda ukiwa na saratani ndio, lakini inapanda pia tezi ikivimba kwa umri, ukiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, hata ukiwa umemwaga mbegu siku moja mbili kabla au umeendesha baiskeli sana. Na kuna watu PSA yao iko chini kabisa na saratani wanayo. Akasema ukipata namba kubwa usianze kuandika wosia, na ukipata ndogo usijione umepewa cheti. Hapo ndo waliponishika kwa kweli. Nimeshapima vitu vingi maishani na sijawahi kukutana na mtu wa vipimo anayeanza kwa kukwambia kipimo chake kinashindwa wapi.

Nikamuuliza sasa kama ni hivyo faida yake ni ipi? Hakunizungusha. Akanieleza kuna utafiti mkubwa wa Ulaya unaitwa ERSPC ulianza 1993, nchi kadhaa, wanaume zaidi ya 162,000 wa miaka 55 hadi 69, karibu nusu wakawa wanaitwa kupima PSA waliobaki hawaitwi. Wakafuatiliwa miaka 23 na majibu ya karibuni yalitoka 2025: kundi lililokuwa linaitwa kupima, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13. Yaani katika kila wanaume 456 walioitwa, mmoja aliokolewa asife nayo. Unaweza kuona ni kidogo, mi nilipomuwaza mzee sikuona ni kidogo hata kidogo. Lakini akaniambia pia upande wa pili, kwamba kupima kunaibua saratani nyingi ndogo ambazo zingekaa kimya mpaka mtu afe kwa jambo lingine, na zamani hao wote walikuwa wanapasuliwa au kupigwa mionzi, wengine wanabaki hawazuii mkojo au nguvu za kiume zimeondoka, bila sababu ya maana. Ndo maana siku hizi utafiti mwingi haujiulizi tu tunaipataje, unajiuliza tunaipataje ile ya hatari na kuiacha ile isiyo na shida.

Kuhusu kidole, yaani daktari kuigusa tezi kwa kidole kupitia haja kubwa, maana najua wengi ndo kinachowakimbiza: kwangu hakikuwa kipimo cha kwanza. Walisema kidole peke yake kinakosa saratani nyingi zikiwa bado changa, kwahiyo pale mlangoni wanaanza na damu.

Basi PSA yangu ikaja 5.8. Kwa miaka mingi mstari uliozoeleka ulikuwa 4, sasa wengi wanaangalia na umri wako na historia ya familia. Hawakunikimbiza popote, waliniambia rudi baada ya wiki sita, siku mbili kabla usifanye tendo na usipande baiskeli. Ikarudi 5.3. Imeshuka ila bado iko juu, wakanipeleka MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili.

MRI wanaume wenzangu haiumi. Unalala kwenye mashine kama nusu saa hivi, inapiga kelele sana kama kuna mtu anagonga mabati, wanakuvalisha vitu vya masikioni, mkononi wanakuwekea dawa ya kuonyesha vizuri mishipa. Nesi alikuwa ananiongelesha kupitia kipaza sauti kila baada ya muda, "baba uko sawa?", na kile kitu kidogo kilinisaidia kuliko anavyojua. Picha wanaipa alama 1 mpaka 5, moja maana yake uwezekano wa saratani ya hatari ni mdogo sana, tano ni mkubwa sana. Mi nikapata 4, sehemu ndogo upande wa kushoto.

Hapa niseme kidogo kuhusu hii MRI kwa sababu ndo sehemu ninayoona ushirikiano wa watafiti umeleta kitu cha kushika mkononi. Zamani PSA ikiwa juu ulikuwa unachomwa sindano kumi na kitu kwenye tezi kuchukua vinyama vya kupima maabara, kwa kubahatisha, kama mtu anavua samaki gizani, wanaweza kuikosa ya hatari wakaipata isiyo na maana. Mwaka 2018 ukatoka utafiti unaitwa PRECISION, wanaume 500, vituo 25 kwenye nchi 11. Nusu wakachomwa kwa mtindo ule wa zamani, nusu wakapigwa MRI kwanza na wakachomwa tu kama picha imeonyesha kitu, tena palepale picha ilipoonyesha. Kwenye kundi la MRI saratani za maana zilipatikana kwa asilimia 38, kundi la zamani asilimia 26. Na zile ndogo zisizo na madhara zikapungua, asilimia 9 dhidi ya 22. Zaidi ya robo ya waliopigwa MRI hawakuhitaji hata kuchomwa. Sasa hospitali moja peke yake ingekusanya wanaume 500 wa namna hiyo kwa miaka mingapi, na hata wangefanikiwa nani angejua kama inafanya kazi na kwa daktari mwingine wa nchi nyingine?

Na mimi kinyama cha kupima walikichukua kwa sindano kupitia ile ngozi iliyo katikati ya korodani na njia ya haja kubwa, sio kupitia haja kubwa kama ilivyokuwa inafanyika sana zamani, njia hii wanaipenda kwa sababu sindano haipiti sehemu yenye bakteria wengi. Ganzi yenyewe inauma, nisidanganye, inachoma vibaya kwa sekunde kadhaa, baada ya hapo unasikia mlio na msukumo tu. Mkojo ulikuwa na damu siku tatu, na mbegu zilikuwa na rangi ya kahawia wiki kadhaa. Hilo la mbegu walishaniambia mapema ndo maana sikushtuka, mke wangu pia nilimwambia.

Sasa nyota niliyoizuia. Waliniambia majibu wiki mbili. Yakaja wiki ya tano. Wiki tatu zile nilipiga simu naambiwa bado, napiga tena haipokelewi, siku moja nikaambiwa mhusika yuko likizo. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nakaa kitandani, namuona mzee siku zake za mwisho. Watu wenye uwezo wa kunieleza takwimu za miaka 23 kwa lugha nyepesi vile walishindwa kunipigia dakika mbili waseme sampuli yako imechelewa maabara, haijapotea, subiri mpaka tarehe fulani. Ndo hicho tu nilikuwa nakihitaji. Utafiti wote unasimama kwa watu waliokubali kutoa damu yao na mwili wao, mtu wa namna hiyo huwezi kumuacha gizani. Nimewaandikia na wamejibu kwamba sasa kuna namba ya mtu mmoja anayeshughulika na wanaosubiri majibu. Nitaona.

Majibu yenyewe: saratani ipo, Gleason 3+3, jumla 6, daraja la kwanza kati ya matano. Hiyo alama inatokana na jina la daktari wa Marekani, Donald Gleason, aliyeanza kuzipanga seli kwa jinsi zinavyoonekana kwenye darubini miaka ya 1960. Sita ndo ya chini kabisa wanayoita saratani. Daktari aliniambia ushauri wake ni kuifuatilia kwa karibu, sio kuipasua. Nikamwambia daktari, una maana niondoke hapa na saratani mwilini? Akanieleza ProtecT, utafiti wa Uingereza, wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi wakagawanywa makundi matatu, upasuaji, mionzi na kufuatiliwa. Baada ya miaka 15, asilimia kama 97 hawakufa kwa saratani hiyo, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo sana. Wale wa kufuatiliwa wengi walikuja kutibiwa baadae ndio, na kwao waliosambaziwa na saratani walikuwa karibu mara mbili ya makundi mengine, kama asilimia 9 dhidi ya 5, hilo nalo hakunificha. Nimekubali kufuatiliwa: PSA kila miezi sita, MRI na kinyama tena baada ya mwaka, ikibadilika tunachukua hatua.

Upande wa visababishi, nilitoa mate kwenye kichupa kwa ajili ya DNA. Nilidhani wataniuliza sana nakula nini. Waliuliza, ila walisema wazi vitu vyenye ushahidi mzito mpaka sasa ni umri, ukoo, asili yako na jeni ulizorithi, mfano hitilafu kwenye jeni ya BRCA2, ileile inayoongelewa kwa saratani ya matiti, inaongeza hatari kwa wanaume pia, kwahiyo kama upande wa mama zenu kuna saratani ya matiti au ya ovari itajeni. Nikauliza vitamini je, maana nilikuwa namezea vitamini E nikijua najikinga. Nikaambiwa kaka acha. Ulifanyika utafiti unaitwa SELECT, wanaume zaidi ya 35,000, wengine wakapewa vitamini E, wengine madini ya selenium, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na dawa, wakitegemea vitazuia, ukasimamishwa 2008 kwa kukosa faida na walipoendelea kuwafuatilia, 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Chupa yangu niliitupa siku hiyohiyo.

Na hapa ndo pananigusa zaidi. Wanaume wenye asili ya Afrika tunapata saratani hii kwa wingi kuliko wengine, Uingereza kwa mfano mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne anaipata maishani, kwa wazungu ni mmoja kati ya wanane. Lakini kwenye DNA zilizokusanywa dunia nzima sisi ndo wachache. Mwaka 2023 watafiti wa nchi nyingi waliunganisha data za wagonjwa zaidi ya 156,000 wakapata sehemu 451 za DNA zinazohusiana na hatari ya saratani hii, kazi kubwa sana, ila wenye asili ya Afrika kwenye wagonjwa hao walikuwa kama 19,000 tu. Matokeo yake alama za hatari wanazotengeneza kutokana na DNA zinamkadiria mzungu vizuri kuliko zinavyonikadiria mimi. Kuna mtandao wa watafiti unaitwa MADCaP unaofanya kazi na vituo vya Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini kujaza pengo hilo. Najua wengi tunaogopa kutoa damu kwa watafiti na hofu hiyo ina historia yake, watu wetu walishatumiwa bila kuulizwa. Mi nilisoma fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa, nikauliza sampuli inakaa wapi, nani anaigusa, naweza kujitoa lini, wakanijibu kila kitu na kuniandikia. Kasoro ni kwamba fomu yenyewe ina lugha ngumu, bila yule dada nisingeielewa nusu, na majibu ya DNA yangu hawanipi isipokuwa wakikuta kitu cha kutibika kama hiyo BRCA2. Hilo la mwisho ningependa walifikirie upya.

Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 49. Alikuwa hataki kabisa kusikia. Juzi nimempeleka mwenyewe, nikakaa naye chumbani wakati yuleyule dada anaanza, "kaka, hiki kipimo nataka ukielewe kwanza". Ametoa damu. Safari hii wamempa tarehe ya majibu kwa maandishi na namba ya kupiga ikipita.